Mtoe Farasi, Mwache Mume Wangu

Watu wengi Nakuru wana kamera. Mimi nina jicho, na nina diploma ya kulithibitisha. Cheti chenyewe kinaning'inia kwenye ukuta wa studio yangu, juu kidogo ya kioo, mahali ambapo mteja akichana nywele hawezi kukikwepa. Nilikipata Ghuba, kwa masomo ya jioni, baada ya kushinda mchana kutwa nikizoa mavi katika mazizi ya farasi wa tajiri mmoja. Sisemi hivyo kwa aibu. Niliopanda nao ndege walirudi na runinga na manukato. Mimi nilirudi na kamera nzuri na ujuzi ambao sijamwona mtu mwingine akiwa nao kutoka Naivasha hadi Molo: ujuzi wa kumpiga farasi picha.

Watu hudhani ni kazi rahisi, kwamba farasi ni mrembo tayari na kilichobaki ni kubonyeza. Ukimkaribia na lenzi pana, kichwa chake kinakuwa gunia la viazi na miguu inakuwa ya mbuzi. Jua la saa sita linamgeuza mweusi kuwa shimo na mweupe kuwa shuka. Halafu kuna masikio. Masikio ndiyo uso wa farasi. Yakilala nyuma, picha imekufa, hata kama kila kitu kingine kiko sawa. Lazima mkebe wenye punje za mahindi utikiswe karibu na kamera, ndipo yasimame na kuelekea mbele, na hapo una nafasi ya pumzi moja tu.

Tajiri yule, aliposikia nasomea upigaji picha, alitaka niwapige picha farasi wake kama pete za dhahabu: wamesimama, wanang'aa, hakuna binadamu. Mkono wa saisi, yaani mtunza farasi, ukionekana umeshika hatamu, ulifutwa kwa kompyuta. Nimefuta mikono mingi ya masaisi, mingine ikiwa yangu mwenyewe. Picha zilitoka safi kabisa, na nilizisifu, lakini zilinikaa kama nyumba mpya isiyo na mtu. Nilikuwa nikiwaona wale masaisi alfajiri, kabla bwana hajaamka, wakiwasalimia farasi wao, na jambo nililoliona halikuwa ndani ya farasi wala ndani ya mtu. Lilikuwa kati yao, katika ile nafasi ndogo ambapo pumzi ya mmoja inagusa koti la mwenzake. Nilijiapia kwamba nikirudi nyumbani nitaipiga picha nafasi hiyo.

Nilirudi, nikafungua studio pembeni mwa mtaa wa Bondeni, kati ya fundi wa nguo na muuza nafaka. Hakuna aliyenipa mtaji. Kinachonilisha si farasi. Ni pasipoti, harusi, mahafali ya wanafunzi wa Njoro, na mazishi. Mazishi hasa. Mtu akifariki, familia inakumbuka kwamba haina picha yake. Wanakuja na picha ya harusi ya mwaka ambao hakuna anayeukumbuka, wananionyesha kichwa kimoja katikati ya vichwa vingine, na mimi nakitoa hapo, nakisafisha, nakiweka juu ya suti. Nina suti ya kijivu kwenye kompyuta ambayo imezika nusu ya wanaume wa mji huu. Mtu wa mtaa wa Kaptembwo ambaye hakuwahi kugusa tai anatangulia jeneza lake akiwa kama meneja wa benki, na mke wake analia zaidi kwa kuona angependeza hivyo.

Kazi hiyo ina sheria moja ambayo haikuandikwa popote na kila mwenye studio anaijua. Aliye hai hakai kwenye picha moja na aliyekufa, si kwenye picha inayotangulia jeneza. Watu wanaogopa kwamba anaitwa. Kwa hiyo tunawakata walio hai. Tunakata mabega ya marafiki, tunakata mikono ya wake kutoka viunoni. Nimekuwa hodari sana wa kazi hiyo.

Mzee wa farasi nilikutana naye Jumapili moja kwenye uwanja ambako familia huja kupunga hewa baada ya kanisa. Watu hukodi baiskeli kwa ajili ya watoto, hununua aiskrimu, na siku hizo mzee huyu alikuwa anawapandisha watoto kwenye farasi wake, jike mzee wa rangi ya hudhurungi mwenye baka jeupe kwenye kipaji. Alikuwa saisi katika shamba la mzungu upande wa Njoro. Shamba lilipokatwakatwa na farasi kuuzwa, mtoto mmoja wa farasi mwenye mguu mbaya hakupata mnunuzi. Mzungu akamwachia mzee, na ndiye jike huyu. Mguu ulipona. Mzungu alikwenda zake.

Nilianza kwa kuwapiga picha wale watoto juu ya farasi, kisha nikataka kumpiga yeye. Alikubali, lakini alitazama kamera kama anavyotazamwa askari anayedai kipande cha kitambulisho. Shingo ngumu, midomo imefungwa, mikono imebana mapajani.

"Mzee, cheka kidogo," nilimwambia.

"Nicheke nini?" aliniuliza, na hakuwa anatania. Alitaka kujua.

Mpiga picha wa kawaida angekata tamaa. Mimi nilimwomba nimtembelee kwake.

Kwake kulikuwa ni kipande cha lile shamba la zamani, nje ya Njoro. Ngano ilikuwa imevunwa na mabua yamebaki, upepo wa Mau unapita juu yake bila kizuizi. Mke wake alitoka jikoni akatusalimia, akaweka chai juu ya kigogo. Nilipoanza kazi farasi alikataa kutulia; alikuwa anataka kurudi kwenye mabua. Yule mama alifuta mikono kwenye aproni, akaja akaishika kamba iliyofungwa kwenye kidevu cha farasi, akaizungusha ngumini. Farasi akasimama. Mimi nikatazama kwenye kamera na kumwambia nilichowaambia watu maisha yangu yote ya kazi: "Mama, rudi nyuma kidogo, unaingia kwenye picha." Akarudi. "Tena kidogo." Akarudi tena, mpaka akatoka kabisa, akabaki ameshika kamba kule nje ya picha.

Nilitikisa mkebe. Masikio yakasimama. Mzee alikuwa anamkuna farasi chini ya manyoya ya shingo, mahali ambapo farasi wenyewe hukunana kwa meno, na farasi, kwa ile tabia yao ya kurudisha fadhila, akaweka mdomo juu ya bega la mzee na kuanza kumng'ata ukosi wa koti taratibu. Mzee akasema kitu kwa lugha yao, ambayo mimi siielewi. Akacheka. Pengo la jino likaonekana, macho yakaelekea kwenye pua ya farasi, kichwa kikaegemea. Nikabonyeza.

Nilijua hapo hapo. Mtu aliyesoma anajua.

Nyumbani niliikata picha ile vizuri, kwa kanuni: uso wa mzee, kichwa cha farasi, hewa kidogo juu. Vingine vyote vikaenda. Nikaitengeneza kubwa na kuiweka dirishani, na hata leo nasema hakuna picha iliyosimamisha watu wengi zaidi kwenye barabara ile. Wenye mikokoteni walisimama. Maharusi waliniambia wanataka kutazamana hivyo. Mzee mwenyewe alikuja kuiona, akasimama nje ameshika kofia, kisha akaingia na kusema neno moja tu: "Umetuweza." Nilimpa nakala, akaondoka nayo imefungwa kwa gazeti.

Kisha akaugua. Alilazwa, akarudi nyumbani, akalazwa tena, na hakurudi.

Mke wake alikuja studio na shemeji yake, mdogo wa marehemu, ambaye alikuwa mwenyekiti wa kamati ya mazishi na alikuwa na simu mbili, zote zikilia. Mazishi yalikuwa Jumamosi. Programu, kile kijitabu cha ratiba ya mazishi, ilitakiwa kwa mchapishaji kesho yake asubuhi, na picha ya kutangulia jeneza itengenezwe pamoja nayo. Shemeji alitoa kitambulisho cha marehemu mfukoni na kukiweka mezani. Alitaka nikuze uso ule na niuvalishe suti.

Mama alikisukuma kile kitambulisho pembeni kwa kidole. "Huyo ni mtu wa kituo cha polisi," alisema. "Simjui." Akageuka, akanyoosha mkono kwenye dirisha langu. "Nataka huyo. Mtoe farasi, mwache mume wangu."

Nilidhani anafuata ile sheria yetu, kwamba kiumbe hai kisitangulie jeneza. Haikuwa hivyo. Alikaa kwenye benchi la wanaosubiri pasipoti na kunieleza, bila haraka, kama mtu aliyekwisha kuyasema maneno hayo kichwani mara nyingi. Kule kwao alikuwa anaitwa mke mwenza wa farasi. Ulianza kuwa utani wa wanawake wa kanisa, wakikutana kisimani au kwenye kikundi cha akina mama, wa kwanza kumwona anauliza, "Mwenzako amekula?" na wote wanacheka, na yeye anacheka nao. Alicheka hivyo tangu akiwa msichana aliyeolewa juzi mpaka akawa nyanya. Mume wake alikuwa mtu mzuri, alisema, hakumpiga, hakulewa. Lakini hakuwa mtu wa kucheka nyumbani. Cheko lake lilikuwa zizini. Sasa Jumamosi wilaya nzima itafungua ile programu, na itamwona mume wake, siku yake ya mwisho, na nani? Na mke mwenza.

"Siku hiyo moja nataka awe wangu," alisema. "Na nataka hilo cheko. Hilo ndilo sikupewa."

Shemeji alikohoa, akatazama simu. "Boss, na umwekee tai," alisema.

Mimi ni mtaalamu, na mtaalamu husema ukweli kabla ya kazi, si baada. Nilimwambia: "Mama, hicho kicheko kina mwenyewe. Nikimtoa mwenyewe, sijui kitabaki nini."

"Wewe mtoe."

Nikamtoa. Na niseme wazi, sijui mtu mwingine Nakuru ambaye angeweza kazi ile. Manyoya ya farasi yalikuwa yameingiliana na nywele za mzee. Bega lililokuwa chini ya mdomo wa farasi halikuwepo. Ilibidi nilitengeneze kutokana na bega lile jingine. Farasi alikuwa ametupa kivuli kwenye shavu la mzee, kwa hiyo nililiangaza shavu mpaka kivuli kikaondoka. Nyuma nikaweka anga ya samawati yenye mawingu, ile ambayo watu hupenda. Nikamvalisha suti ya kijivu. Muda wote huo shemeji alikuwa mlangoni akibishana na mtu wa mahema, na mama amekaa ameshika mkoba magotini.

Nikawageuzia kioo cha kompyuta.

Shemeji alifurahi. "Sasa huyu ni mzee," alisema. "Hata mchungaji atamheshimu."

Mama alisogea karibu, akatazama. Alitazama mpaka nikaanza kupanga waya zisizohitaji kupangwa. Mwishowe akauliza, kwa sauti ile ile ambayo mume wake aliniuliza nayo uwanjani:

"Anacheka nini?"

Pale kwenye kompyuta alikuwa mwanamume mwenye suti, ameinamisha kichwa upande mmoja bila kuegemea kitu, macho yameelekea kwenye wingu, pengo wazi, anacheka na hewa. Kila kiungo kilikuwa cha mzee, hakuna nilichobadilisha usoni, na bado alikuwa amekuwa mtu wa kusikitisha.

"Watasema alikufa amechanganyikiwa," mama alisema. Halafu, chini chini: "Na bado hanitazami."

Kompyuta inaweza kugeuza macho. Nilimwuliza kama nijaribu, akaitika kwa kichwa. Nikaivuta mboni ya jicho la kwanza ikaja katikati, kisha ya pili, mpaka mzee akawa anatutazama sisi tulioko chumbani. Shemeji mwenyewe alirudi nyuma hatua moja. Lilikuwa cheko la mtu mmoja na macho ya mwingine, kama mtu anayecheka huku amesikia habari mbaya. Mama alifunika mdomo kwa upindo wa leso yake.

"Rudisha," alisema. "Rudisha, rudisha."

Nikarudisha.

Baadaye aliniuliza kama siku ile kule kwao nilipiga picha nyingine. Aliuliza hivi: kuna yoyote ambayo mzee alimtazama yeye? Mimi sifuti picha. Hilo nalo ni jambo nililofunzwa. Wanaofuta picha ili kupata nafasi kwenye kadi ni watu wasio na shule. Nikazifungua zote za siku ile, moja baada ya nyingine, yeye akiwa pembeni yangu kwenye stuli ya wateja.

Za kwanza yeye alikuwemo. Alionekana na aproni yake, kamba imezungushwa ngumini, akimtazama farasi kwa jicho la mtu mwenye kazi nyingine inayomsubiri. Mzee alikuwa wima kama mtu wa kituo cha polisi. Kisha yeye anaanza kutoka, nusu mwili, bega, kiwiko. Kisha hayupo. Kisha mzee na farasi. Katika zote hakuna hata moja ambayo mzee alimtazama mke wake. Ningeweza kumwambia kwamba pale, kwenye ile ya nne au ya tano, jicho linaelekea upande wake kidogo. Angeniamini. Sikusema hivyo, naye hakuniomba niseme.

Tukafika kwenye ile yenyewe, nzima, kabla sijaikata kwa ajili ya dirisha. Ilikuwa pana zaidi ya alivyoizoea. Mama aliinama mbele. Kutoka chini ya kidevu cha farasi kamba ilishuka kidogo, ikapanda, ikavuka mabua ya ngano upande wa kushoto wa picha, imenyooka, na ikatoka.

"Hii kamba inaenda wapi?" aliuliza.

"Kwako, Mama. Ulikuwa umeishika."

Nikaona anahesabu kitu kichwani, au anakisikiliza. Kisha uso wake ukafanya jambo ambalo sikuwa nimelitegemea siku kama ile. Ulianza kuchekea pembeni mwa mdomo, kwa hasira kidogo.

"Unajua alikuwa anasema nini hapo?"

Nikamwambia sijui, nilifikiri anaongea na farasi.

"Alikuwa anaongea na farasi. Alimwambia, 'Mwambie mama yako asivute kamba, hatuendi sokoni.'" Akalitazama lile pengo la jino kwenye kioo. "Hivyo ndivyo alivyokuwa. Mimi hakuniambia kitu, alimwambia farasi nisikie. Chai ikichelewa anakwenda zizini anasema, 'Leo mama yako amesahau watu.' Tukikosana, nikiwa nakamua ng'ombe, nasikia upande wa pili, 'Mwambie mama yako nilisema vibaya jana.' Mimi namjibu farasi pia. 'Mwambie nimesikia.'"

Mimi nimekulia bonde hili na najua wanaume wa aina hiyo. Baba yangu alizungumza na mama kupitia kwetu sisi watoto, "Mwulizeni mama yenu kama kuna maji," na mama amesimama pale pale. Watoto wa mzee na mama huyu walikuwa wamekwisha kwenda mijini. Alibaki farasi. Nilikuwa nimesimama mbele ya mazungumzo ya mume na mke, na diploma yangu, na kamera yangu, nikaona mtu na mnyama. Siku hizi nawaza jambo hilo ninapomwambia mtu arudi nyuma kidogo.

Mama alisimama, akakunja leso yake vizuri mabegani.

"Rudisha farasi," alisema.

Shemeji alikuwa amesikia kutoka mlangoni. Akaja, akaweka simu zote mbili mfukoni, na kwa mara ya kwanza akaongea kama ndugu wa marehemu na si kama mwenyekiti. Alimkumbusha mama kwamba ni kanisani wanakwenda. Kwamba watu watacheka.

"Wamecheka miaka yote," mama alimjibu. "Jumamosi wacheke wamevaa vizuri."

"Sawa, mke wa ndugu yangu. Lakini unajua mambo ya picha ya jeneza. Wewe ukiwa hapo, na uko hai..."

"Mimi asiniweke. Mimi bado nina kazi." Akanigeukia. "Mimi niache nje vile vile ulivyoniacha. Lakini hiyo kamba usiikate."

"Farasi naye yuko hai," shemeji alisema, akijaribu mara ya mwisho.

"Farasi hasomi programu."

Shemeji alitazama dari. Kisha akauliza kama basi ile suti haitatumika kabisa, na nikamwonea huruma, kwa sababu naye alikuwa amefiwa na kaka. Tukakubaliana kwamba ukurasa wa ndani, pale panapoandikwa alizaliwa wapi na aliajiriwa wapi, itawekwa ile sura ya kitambulisho na suti ya kijivu na tai. Alishukuru sana. Mbele ya programu, na kwenye fremu ya kutangulia jeneza, ikaenda ile pana. Nilikaa nayo mpaka jioni nikiipanga rangi ya mabua ili kamba ionekane.

Jumamosi nilikwenda Njoro kupiga picha za mazishi. Watu walitegemea niwapigie farasi akilia. Nimesikia baadaye wakisimuliana kwamba alilia. Mimi nilikuwepo na lenzi ndefu. Alikuwa nyuma ya ua wa miiba ya kayaba, anakula mabua, na masikio yake yaligeuka pale tu kipaza sauti kilipokwaruza. Sitamwongezea chozi. Hakulihitaji.

Kwa kawaida mjukuu wa kike ndiye hubeba picha. Alikuwepo, binti mdogo mwenye gauni jeupe, amefundishwa jinsi ya kutembea. Jeneza lilipoinuliwa, mama alimwendea, akamnong'oneza kitu, akaichukua fremu mikononi mwake. Akatangulia. Minong'ono ilipita kwenye viti, mmoja au wawili wakachekea kwenye programu zao, kisha ikaisha, kwa sababu hakuna mtu anayeweza kucheka kwa muda mrefu mbele ya uso ule wa mzee.

Mimi nilikuwa narudi nyuma mbele yao, kinyumenyume, kama tunavyofanya. Fremu ilikuwa nzito, ya kioo, na mama aliibeba kifuani ikiwa inatutazama sisi. Kamba ilivuka mabua na kutoka upande wa kushoto, yaani kushoto kwetu sisi tulioitazama. Kwake yeye ni mkono wa kulia. Na mkono wake wa kulia ulikuwa umeshika fremu pale pale, usawa wa kamba, vidole vimefumbwa. Sijui kama alikusudia. Huenda ndipo palipokuwa na uzito mzuri wa kushika. Sikumwuliza, na sitamwuliza. Nilipiga mara moja, nikashusha kamera, nikawapisha wapite.

Baada ya kaburi kufunikwa watu walikaa kula. Nilikuwa karibu na sufuria za chai napiga akina mama wa kanisa waliopika, wakati mmoja wao, mnene, mwenye sauti ambayo nina hakika ndiyo iliyoanzisha utani ule, alipomkaribia mjane na sahani ya chakula. Alisimama kidogo kama aliyesahau alichotaka. Kisha akamwuliza, kwa sauti ya chini ambayo haikuwa na mzaha ndani yake:

"Mwenzako amekula?"

"Nilimpa karoti asubuhi," mama alisema, akapokea sahani.

Dirishani kwangu sasa iko ile picha pana. Mwenzangu mmoja wa kazi, mwenye studio upande wa stendi, alikuja akaitazama na kuniambia mbele ya wateja kwamba mtu mwenye cheti ukutani hawezi kuacha kamba ikitoka nje ya picha namna hiyo, inavuta jicho la mtazamaji mpaka linatoka nayo. Ni kweli. Ni kosa la mwaka wa kwanza. Nililisoma, nililifanyia mtihani, na nilifaulu kuliko wote darasani. Sitaikata.